Betri Zilizochoka na Mguu wa Baba

Mtaani kwetu Ziwani, mambo ya kaseti yalikuwa yangu. Ukanda ukimezwa na mashine, nililetewa mimi, nikaukunjua polepole na kuurudisha ndani kwa penseli. Kwa hiyo dada yangu alipopata mchumba, hakuna aliyeuliza nani angesimamia muziki wa kuingilia kanisani.

Wimbo ulinakiliwa na binamu yetu wa Buruburu, aliyekuwa na redio ya kaseti mbili. Haraka haraka haina baraka, nilimwambia, nikamkataza kugusa kile kitufe cha kunakili kwa kasi, maana nakala hutoka na mikwaruzo. Alinitii, na kaseti ikaja safi kabisa.

Shida ilikuwa Baba. Mashine ya kiwandani ilikuwa imemvunja mguu, ukaunga vibaya. Hata hivyo aliapa kwamba bintiye hatapelekwa madhabahuni na mjomba, na fimbo hataki hata kuiona. Mama alihofia ataanguka mbele ya wakwe. Mimi pia niliogopa, sitaficha.

Tulifanya mazoezi uani, wokmeni yangu na spika zake mbili ndogo zikiwa juu ya ukuta wa karo tulipofulia nguo. Betri zilikuwa zilezile tulizozianika juani kwenye mabati kila zilipoishiwa nguvu. Wimbo ulikwenda taratibu, sauti nzito, na Baba akaumudu kwa hatua zake. Tulimsifu sana yule mwanamume wa kwenye kaseti kwa kuimba vizuri.

Siku ya harusi shangazi, kwa wema wake, akaniletea betri mpya. Nikazitia, nikaweka spika mbele ya maikrofoni. Mlango ulipofunguliwa nikabonyeza, na yule mwanamume akageuka mwanamke mwenye haraka zake. Wapambe wakaanza kurukaruka. Baba akakosa hatua ya kwanza, akakosa ya pili, akashika mlango. Dada akanikodolea macho.

"Manze, hiyo ngoma imeshika mbio!" binamu akaninong'oneza. "Zima!"

Nilikuwa nimeshazima; kumbe betri zilizochoka ndizo zilizokuwa zikiuburuta wimbo. Waumini walidhani kaseti imekwama, nami nikawaacha wadhani. Betri kuukuu zilikuwa mkobani, kwa sababu kwetu hatukutupa betri. Nikaurudisha ukanda mwanzo kwa zile mpya, kisha nikazitoa na kutia zile zilizochoka.

Mwanamume wetu akarudi na uvivu wake wote. Baba akaachilia mlango, akanyoosha mgongo, akamshika dada mkono. Wakaja hatua kwa hatua hadi mbele, na Mama akapiga vigelegele kabla ya wakati wake.

Baada ya kumkabidhi dada, Baba alikuja kuketi kando yangu, jasho likimtiririka.

"Umeona?" akaniambia. "Mguu umepona."

"Nimeona, Baba," nikamjibu.