Amri ya Kufunga Mlango

Kazini walimwita Bi Swichi, maana hakuna kitu chenye waya kilichowahi kumshinda. Alikuwa fundi wa majokofu katika kiwanda cha maziwa. Kilichomshinda kilikuwa nyumbani: baba yake, mzee aliyepotewa na kumbukumbu kiasi cha kuaga kila asubuhi anakwenda kazini, ilhali alistaafu zamani. Mara mbili watu walimrudisha kutoka barabara kuu, amesimama katikati ya malori kwa kandambili.

Ndipo binti akaweka chini ya televisheni kompyuta ndogo ya kuendesha nyumba. Iliwasha taa, ilizima jiko, ilifunga mlango, na kupitia spika ya ukutani ilisema kwa sauti ya binti mwenyewe: "Baba, kaa kidogo, nakuja." Kila ilipozimika, hata kwa muda mfupi, komeo la mlango lilijifungua; alipanga hivyo ili moto ukizuka mzee asiungulie ndani. Kulifunga tena kulihitaji amri yake.

Amri hizo alizitoa kwa programu ya simu, nayo ilikuwa na maringo, leo inafanya kazi, kesho inagoma. Basi siku hiyo, wakati wa chakula, alijibanza na laptop kwenye stoo ya vipuri atengeneze njia nyingine: dirisha jeusi la kuandikia amri kutoka mbali, linaloingiwa kwa ufunguo wa siri, yaani faili linalokaa ndani ya kompyuta ya mwenyewe. Mtu mwenye akili zake hujaribu njia mpya kwanza, ndipo azibe ya zamani. Bi Swichi, aliyekuwa akiwagombeza wenzake kwa kosa hilohilo kwenye mitambo, aliziba ya zamani, akaizima na kuiwasha upya ile kompyuta ya nyumbani, halafu ndipo akajaribu. Dirisha likamjibu kwamba hana ruhusa. Ufunguo aliousajili ulikuwa wa kompyuta nyingine, iliyobaki chumbani kwake.

Mlango ulikuwa wazi na yeye hakuwa na pa kupenyea. Alimpigia jirani, simu imezimwa. Akapiga simu ya mezani ya nyumbani huku anakimbilia getini na mabuti yake ya kazi, hata ruhusa hakuomba.

"Halo," baba alipokea.

"Baba, ni mimi. Usitoke nje, tafadhali."

"Mimi nani?"

"Binti yako, baba."

"Acha utani. Wewe ni yule mama wa ukutani, sauti yako naijua. Kila siku nakuja, nakuja, na huji. Wewe ndiye unayenifungia humu." Kisha mzee akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Binti yangu hajui kama nimefungiwa. Angejua angeshakuja kunitoa. Hebu mwambie, nakuomba."

Machozi yalimtoka palepale barabarani, mkono mmoja ukisimamisha teksi.

"Nimeshamwambia, yuko njiani. Ukitoka mtapishana."

Aliyarudia maneno hayo njia nzima, mpaka dereva akazima redio yake. Karibu na nyumbani akasikia simu ikiwekwa mezani, kisha kandambili zikiburuzwa kuelekea mlangoni. Aliita hadi sauti ikamkauka.

Alimkuta mlangoni, mguu mmoja nje. Mzee alipomwona, uso wote ulimkunjuka.

"Mwanangu! Yule mama ameondoka. Mlango umefunguka wenyewe!"

Ilikuwa miezi hajamwita hivyo. Alimkumbatia, akalia begani kwake bila haya, akamwingiza ndani na kumkalisha. Akauchukua ufunguo wa siri kwenye kompyuta ya chumbani, akauhamishia kwenye laptop. Safari hii dirisha jeusi lilimpokea mara moja.

Msimamizi alikuwa anapiga simu bila kuchoka. Nje malori yalikuwa yakipita. Baba alikaa karibu naye, anamtazama akiandika, amemshika mkono wa kushoto kama mtu aliyekombolewa. Binti aliiandika amri ya kufunga mlango, akakaa nayo bila kuituma, hajui la kufanya jingine, na kweli halikuwapo. Akaituma.

Komeo likagonga mahali pake. Baba akaushika mkono ule kwa nguvu zake zote.

"Mwanangu," alinong'ona, "amerudi."