Nehemiah na Paka wa Mkaza Mwanawe

Mzee Nehemiah hakuomba paka. Kwake kijijini Ikonge paka ni wa kukamata panya, basi. Huyu aliachwa na Linda, mke wa mwanawe, alipohama Mombasa kwenda Uingereza kuuguza wagonjwa. Akaacha na maagizo: ni paka wa Kisiamu, mababu zake walilelewa katika majumba ya wafalme huko Siamu, hapendi kuachwa peke yake.

"Mababu wa paka," Nehemiah alimwambia mkewe, Nyaboke. "Mimi babu yangu hana aliyemuulizia."

Na kweli hakupenda kuachwa. Mwembamba, uso wa pembetatu, macho ya buluu, sauti ya mtoto aliyenyimwa ziwa. Mzee akichuma chai, paka yuko nyuma yake akilalamika. Akienda chooni, analiliwa mlangoni. Sabato akifumba macho kuomba, paka naye anaanza yake, na hanyamazi mpaka abebwe. Panya aliwatazama tu wakipita.

Hayo mzee aliyavumilia. Kilichomchosha ni rangi. Paka alitoka Mombasa akiwa mweupe kama maziwa, weusi uko masikioni, usoni, miguuni na mkiani tu. Baridi ya Julai ilipoingia, mgongo ukaanza kuwa kahawia. Nyaboke akasema ni masizi ya jikoni. Wakamwosha kwa sabuni ya kipande, wakaambulia mikwaruzo.

Linda akamwona kwenye simu. Kwa Abagusii mke wa mwana hasemezani ovyo na baba mkwe, heshima haimruhusu. Basi akamsema kupitia Nyaboke, na mzee amekaa hatua nne kando anasikia kila neno.

"Mama, huyo si paka wangu. Wangu alikufa, Baba akatafuta mwingine. Aseme tu ukweli."

Nehemiah huyu, shemasi wa miaka ishirini, anayeitwa na majirani kushuhudia mipaka ya mashamba kwa kuwa hapindishi neno! Chakula kilimshinda.

"Mwambie ni yuleyule," alisema. Nyaboke akamwambia. Akamwambia tena, wiki tatu nzima, na Linda hasadiki.

Mwishowe mzee akamtia paka kapuni, akampeleka kwa Onchiri, daktari wa mifugo. Onchiri akacheka.

"Mzee, paka hawa huzaliwa weupe. Manyoya yao huwa meusi pale mwili unapopoa, ndiyo maana huanzia masikioni na miguuni. Umemtoa kwenye joto la Mombasa, ukamleta vilimani huku. Ulitegemea nini?"

Akamrekodia Linda maneno hayohayo, na Linda akaamini palepale. Akamwamini mtu asiyemjua hata sura!

Jioni hiyo Linda alipiga, akaomba simu apewe mzee mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu.

"Baba, nilikukosea," alisema, analia. "Nisamehe."

Paka alikuwa magotini pa Nehemiah akikoroma kwa raha.

"Nimeshakusamehe, mwanangu. Yameisha."

Huo ndio uwongo wa kwanza aliowahi kumwambia.