Machaguo Manne

Seremala wa dawati la nyuma humpandisha mwalimu wake presha kila jioni. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewaambia watu wazima wa darasa lake wapakue ile programu ya msamiati wa Kiingereza, wajifunze maneno nyumbani, darasani waje kuzungumza, sasa anajuta. Kidole gumba cha seremala kimeota sugu hata simu haikitambui, basi hulamba kidole kidogo na kugusa nacho jibu moja kati ya machaguo manne, taratibu, kama mtu anayeonja gundi. Akipatia, simu hulia ting, naye hutabasamu peke yake. Siku tisini na sita hajakosa kuifungua programu, na kila anayeketi karibu naye anaijua hesabu hiyo. Ila mdomo, kwa Kiingereza, haufunguki.

Leo mwalimu kaja na nyundo, maana Jumatatu fundi wake ana usaili kwenye kiwanda cha samani. "Hii kwa Kiingereza inaitwaje?" Seremala akaitazama kana kwamba hakushinda nayo mkononi mchana kutwa. "Mwalimu, nipe machaguo manne." "Na huko kwenye usaili nani atakupa machaguo, baba yangu?" "Wewe nipe tu." Mwalimu akashusha pumzi, akageuka, akaandika maneno manne ubaoni kwa hasira mpaka chaki ikakatika. Seremala akaja mbele, akalamba kidole kidogo, akagusa neno la tatu. Lilikuwa lenyewe. Lakini hakuondoka. Alisimama palepale, kidole kingali ubaoni, akisubiri, na darasa zima likasubiri naye.

"Ting," akasema mwalimu, meno yameumana.