Nilikata Ndege Yangu kwa Grenda

Ijumaa iliyopita nilikata ndege kwa grenda.

Ndege nzima, si mabaki. Injini inawaka, mabawa yamefungwa, rangi bado mpya.

Na ilikuwa yangu.

Naitwa Mugeni, fundi wa malori hapa Busia, upande wa Uganda. Shule niliachia darasa la sita. Mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe mkiendelea kusoma.

Miaka minne iliyopita nilivuka upande wa Kenya kutengeneza trekta kwenye shamba moja la miwa. Nyuma ya ghala nikakuta ndege ndogo ya viti viwili, majani yameifunika hadi madirishani. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha rubani.

Mwenye shamba akasema nikiweza kuiondoa, nichukue.

Nilimjua mtu mmoja tu aliyewahi kurusha ndege: Mzee Omaido wa Molo, hii Molo yetu ya Tororo. Miaka thelathini alinyunyizia mashamba dawa kutoka juu. Sasa alikuwa na presha ya macho. Daktari alimpa miaka minne, kisha giza.

Nikaenda kumweleza.

"Fundi, ukiifufua nitakufundisha kuirusha," akasema. "Malipo yangu ni moja. Nipandishe juu ya Molo kabla macho hayajafunga. Nataka kuiona tena kutoka juu."

Nikasema sawa. Rahisi hivyo.

Tukafungua mabawa, tukaipakia kwenye lori. Mpakani, rafiki yangu Wabwire, anayeshughulikia makaratasi ya forodha, akaniuliza aandike nini. Ndege inataka vibali vingi, akasema. Tunaweza kukaa getini miezi.

Mnaoijua Busia mnajua. Hapa vitu vingi hupita kwa jina jingine. Friji mpya huitwa kuukuu. Mchele wa watu huitwa chakula cha kuku. Hakuna anayeshtuka.

"Andika chuma chakavu," nikamwambia.

"Una uhakika, braza?"

"Andika. Nina haraka."

Akanionyesha pa kusaini, nikasaini. Sikusoma.

Tukaipeleka Molo, kwenye malisho ya Mzee, yaliyonyooka kama barabara. Injini niliifungua mara tano. Kitambaa cha mabawa kilikuwa kimeoza chote, na aliyekishona upya ni mke wangu Benedeta, kwa cherehani yake. Alishona huku akinicheka.

"Baba Kate, kuku yako hii itaatamia mpaka lini?"

Vijana wa bodaboda nao wakaniita Rubani. Nikipita tu, mmoja anauliza nauli ya Tororo ni ngapi kwa njia ya hewani.

Mwaka wa pili injini ikawaka. Hakuna aliyecheka tena.

Kila Jumapili baada ya misa Mzee alinifundisha. Anakaa kiti cha mbele, mimi nyuma, miguu kwenye pedali, fimbo ya usukani mkononi. Tunakimbia kwenye nyasi. Mkia unainuka, ndege inakuwa nyepesi, unaisikia inataka kwenda. Hapo hapo ananiambia punguza.

Nilimwomba mara nyingi tuiachie kidogo tu.

"Bila cheti haturuki," alisema. "Nimezika marafiki wawili waliokuwa na haraka."

Basi nikajifunza kuruka bila kuruka.

Mwaka wa tatu akaanza kuniomba nimsomee zile saa za vipimo zilizo mbele yake. Mwaka wa nne akawa anatafuta bega langu ndipo apande.

Mkaguzi wa ndege alikuja mwezi uliopita. Alikagua siku nzima, akagonga kila ribiti, akasema ni kazi safi. Kisha akaomba karatasi ya kuingizia nchini.

Aliisoma mara mbili.

"Fundi, hapa hakuna ndege," akasema. "Hapa kuna chuma chakavu. Na chini mwenyewe ameahidi kukikata vipande. Hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

Nikamuuliza kama inaweza kuandikwa upya. Akasema kwa karatasi hiyo hiyo, upande wa Kenya walishaifuta namba yake ya usajili. Ndege iliyofutwa kwa kukatwa hairudishwi. Akanipa pole. Watu wa forodha, alipowaarifu, hawakunipa pole, walinipa wiki mbili niikate mbele yao.

Nilifikiria kuirusha kwa nguvu. Lakini mimi sijawahi kutua, na aliyejua kutua hakuwa anaona.

Mzee sikumwambia.

Alhamisi asubuhi nikaenda kumchukua. Nikamwambia cheti kimetoka. Alivaa koti lake la kazi la zamani na kofia. Macho yalikuwa yameshazima kabisa. Nilimpandisha kama mtoto.

Nikawasha. Tukakimbia mpaka mwisho wa nyasi, nikageuza, tukakimbia tena, upepo ukitupiga usoni. Nikapaza sauti nikamwambia tuko juu, nauona Mwamba wa Tororo, naona upande wote wa Kiyeyi ule kijani.

Alitabasamu. Kisha akauliza, "Kanisa letu unaliona?"

"Naliona, Mzee."

"Bati lake rangi gani?"

"Jekundu."

Akaweka kiganja kwenye ubavu wa ndege.

"Zima injini, Fundi. Magurudumu hayajaacha nyasi."

Nikazima. Nikamwambia yote, geti, Wabwire, sahihi. Alisikiliza bila kugeuza kichwa.

"Kwa hiyo na leo pia," akasema, "umeiandika jina jingine."

Nikashuka, nikamshusha.

Ijumaa alikuja, akakaa kwenye kigoda, akasikiliza grenda mpaka mwisho. Benedeta hakuja, alisema hawezi kutazama kitambaa chake kikichanwa. Nilipomaliza nikampelekea Mzee ile fimbo ya usukani awe nayo kama kumbukumbu. Akaipapasa juu mpaka chini, akanirudishia.

"Ipeleke na vipande vingine. Ni chuma chakavu. Iko kwenye karatasi."

Akainuka, akaomba mtu mwingine amshike mkono hadi nyumbani.

Ninyi mnaopitisha vitu kila siku, nawaambia hili bila kupaka mafuta. Ukifika getini na kitu unachokipenda, kiandike jina lake. Kaa hapo miezi, kama ni lazima.

Mimi niliokoa miezi. Mzee Omaido alikuwa na miaka minne tu ya kuona, na nikaimaliza yote kwenye chuma chakavu.