Mpe Muda, Akikataa Muue

Mdomo wangu ni mkubwa, hilo nalijua. Nikiongea kwa simu hata jirani wa tatu anajua shida yangu, na nikikasirika ndiyo balaa kabisa.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za kampuni ndogo inayonunua mahindi ya wakulima. Mimi niko ofisini Migori mjini, mwenzangu yuko Kehancha kwenye ghala. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo. Kiingereza tunakiweka kwa ripoti, lakini tukigombana na mashine tunagombana kwa Kiswahili. Jamaa huyo amekulia kwa ng'ombe, basi programu zote anazitaja kama vitu vyenye roho. Programu ikiwasha nyingine, ya kwanza ni mama na zile nyingine ni watoto. Kwake hakuna "hii", ni "huyu". Nami nikaambukizwa.

Mapema mwaka huu nililazimika kufanyia kazi yangu Homa Bay, kwa sababu Dani, nyanya aliyenilea, alilazwa huko. Alikuwa na kidonda kwenye kisigino, na ule ugonjwa wa sukari ulikuwa unakizuia kupona. Daktari hakutuficha. Akikaa hospitali, kidonda kisafishwe kila siku na adungwe dawa, mguu utapona. Akienda nyumbani sasa, mguu utakatwa. Wajomba wote wako mbali na kila mmoja ana sababu yake, kwa hiyo nikabaki mimi na kompyuta yangu mapajani, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake. Wiki zikaenda.

Alasiri moja Dani alikuwa amelala, shuka imefika kidevuni. Simu ikalia. Kule Kehancha mizani ilikuwa imeacha kutuma uzito wa magunia ofisini. Programu ya kutuma ilikuwa imeiuliza kompyuta ya Migori swali, mtandao ukapotea, nayo ikabaki inangoja jibu. Ikangoja tu, jibu lisije. Kila gunia jipya likipimwa, programu nyingine inaamka na kuanza kungoja vilevile, mpaka kompyuta ikajaa wangojaji ikashindwa kupumua. Wakulima walikuwa uani wanamfokea mwenzangu, naye ananifokea mimi.

Dawa yake si kubwa. Unaiwekea kila programu kikomo cha muda. Muda ukiisha kabla haijamaliza, kompyuta inaiambia vizuri ifunge vitu vyake iondoke. Ikijifanya kiziwi, inauawa pale pale. Hivyo ndivyo ningekueleza wewe nikiwa nimetulia. Lakini sikuwa nimetulia, na huyu ndiye mimi, wodi nzima ya wanawake ikinisikia:

"Huyu amekaa sana! Hakuna kitu anafanya, amelala tu hapo anakula nafasi. Mpe muda. Muda ukiisha, mwambie aondoke kwa heshima. Akikataa, muue!"

"Na watoto?" akauliza.

"Watoto pia! Ukiua mama ukawaacha, watakusumbua mpaka jioni."

Nikamsomea amri za kuandika, akaziandika. Baada ya muda akashangilia: uzito umeanza kuingia. Tukacheka. Halafu akaniuliza nitarudi lini kazini.

"Sijui, bwana," nikasema. "Huyu naye haponi wala haendi. Nimechoka."

Nilipokata simu, mama wa kitanda cha pili alikuwa ameshika kijiko cha uji hewani, hakiendi mdomoni wala hakirudi bakulini. Nikamtabasamia. Akageuza uso.

Asubuhi yake nikamkuta Dani ameketi ukingoni mwa kitanda na gauni lake la kanisani, leso kichwani, mfuko umefungwa. Nesi amesimama na bomba la sindano, amechoka kubembeleza.

"Nyanya yako amekataa dawa. Anasema anaenda nyumbani. Ongea naye."

"Dani, ni nini?"

Akaniangalia. "Naondoka kwa heshima," akasema. "Usisumbuke kuniua."

Kwa Kiswahili! Yawa! Tangu nikiwa mgongoni mwake, Dani hajawahi kuniambia neno ila kwa Kijaluo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huyu mama ameuza omena, wale dagaa wa ziwani, Mbita nusu ya maisha yake, na wateja wake walikuwa Wakuria na watu wa Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

Nikapiga magoti sakafuni. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha ile programu, nikamweleza mama ni nini, watoto ni nini, kuua ni nini. Laiti ningesema "iue"! Silabi moja tu na haya yote yasingetokea. Wagonjwa wakasogea na dripu zao kusikiliza. Mama wa uji akapiga makofi.

"Kumbe! Na sisi tumelala kwa zamu tukikuchunga usimnyonge!"

Wodi ikavunjika mbavu. Hata Dani midomo ilimcheza. Aibu ilinichoma mpaka masikio, lakini nilicheka nao.

"Na huyo wa kompyuta," Dani akauliza, "mnajuaje amekwama? Kama anaenda polepole tu?"

"Hatujui, Dani. Ndiyo maana tunamwekea muda."

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kufungua leso. Moyoni nikasema, ahsante Mungu, mguu umeokoka.

"Na yule wa mwisho?" akasema. "Haponi wala haendi. Huyo pia ni wa kompyuta?"

Kicheko kikakatika. Kudanganya kulikuwa rahisi, neno moja tu, na kila mtu pale angeniamini. Lakini alikuwa ananitazama machoni, na macho hayo ndiyo yaliyonifundisha kusema ukweli nikiwa mdogo.

"Hapana," nikasema. "Huyo ni wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dani akakunja leso yake vizuri, akaiweka juu ya mfuko, kisha akamnyooshea nesi mkono adungwe.

"Mimi nitabaki," akasema. "Wewe rudi kazini. Hawa watanichunga."

Nikamlilia, nikaomba msamaha mbele ya watu wote. Akasema amesamehe. Kesho yake mjomba mmoja akaja kuchukua kiti changu, nami nikarudi Migori.

Mguu umepona. Siku hizi anatembea mpaka ufuoni bila fimbo. Nikienda Mbita kumwona ananipikia samaki, ananiuliza habari za kazi, hana kinyongo usoni. Lakini haniiti tena nyakwara, yaani mjukuu wangu, na Kijaluo chake anaongea na wengine. Mimi ananiongelesha kwa Kiswahili, kile kizuri cha wateja. Juzi alinifungulia mlango, akanipokea mfuko, akanivutia kiti.

"Karibu," akasema. "Utakaa muda gani?"