Unga wa Chuma wa Papa

Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa tena, nikarudi Likasi na vitabu vyangu na ubishi wangu. Nikamkuta papa, baba yangu, akiangusha vitu vilivyokuwa katika mkono wa kushoto. Asubuhi alitapika, kichwa kilimuuma upande wa kulia. Daktari alimwangalia ndani ya macho kwa tochi, akanivuta pembeni. Kuna uvimbe katika ubongo, alisema, na unakua haraka. Mashine ya kuuona vizuri, ile ya karibu kabisa, iko Afrika Kusini. Sisi hata kufika Lubumbashi ilikuwa taabu.

Kosa langu lilikuwa kumsomea gazeti la sayansi nililolitoa maktaba. Lilieleza chembe za chuma zilizofunikwa kwa namna ya sukari, ndogo hata jicho halizioni. Zinaingizwa katika mshipa, uvimbe unazikusanya, mashine ya sumaku inauonyesha. Labda siku moja zitaupelekea dawa, au zitauchoma kutoka ndani.

Papa, aliyezeeka katika maabara ya kiwanda akisaga mawe ya shaba na kuyachekecha kwa tamisi yakapimwe, alikaa wima kitandani.

"Hiyi unga inapita mu tamisi gani?"

"Haina tamisi, papa. Iko ndogo kupita zote."

"Weye hauyaona bado tamisi zetu."

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kuteka maji, nikamkuta na rafiki yake wa maabara. Kiwanda kilikuwa kimelala, vinu havina kazi, kwa hiyo rafiki alikuwa amesaga chuma siku mbili nzima. Papa alikuwa amekwisha kukinywa ndani ya uji wenye sukari nyingi.

"Nilikuambia mu mushipa, hapana mu tumbo," nikasema.

"Na tumbo haina mishipa?" rafiki akaniuliza. "Universitaire, weye unajua kitabu. Siye tunajua unga."

Papa akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikuwa nimebishana na padri, na maprofesa, na wanamaombi wa mama. Siku ile niliacha ubishi, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Papa akanitia mkononi sumaku nzito waliyotolea vipande vya chuma katika sampuli, akanionyesha mahali juu ya sikio lake la kulia. Nikaishika pale, ili iuvute ule unga kwenye uvimbe.

"Bale ba kwanza kupewa hiyi dawa ni banani?"

"Panya, papa."

Rafiki akajipiga paja. "Basi Likasi tuko batajiri."

"Bilipona?" papa akauliza. Hakuwa anacheka.

Gazeti lilisema panya waliuawa baadaye, ili bongo zao zikatwe vipande vyembamba na kutazamwa.

"Bilipona, papa."

Akafumba macho. "Kaza muzuri," akasema. "Mufupa iko katikati."

Mkono ulipochoka, nikashika kwa mwingine.