Ile Hodi ku Njia ya Kipushi

Mwaka 2009, niko na miaka makumi ine na mbili, kazi ya mugodi ikanikatika. Masomo nilifika paka ku troisième primaire, darasa ya tatu, lakini mikono sikunyimwa. Niliuza mabati ya nyumba yangu, nikanunua kamioneti ya zamani, nikaanza kubeba bintu, bantu, hata masanduku ya bantu balikufa. Bengine banaogopaga. Mimi hapana.

Siku moja, saa sita ya muchana, nilibeba mufu, binti bado mudogo, toka morgue, nyumba ya maiti ya Lubumbashi, kumupeleka kwabo ku Kipushi. Mama yake alikaa nyuma na bamama bengine, mukono juu ya sanduku. Kaka yake mukubwa, mujomba wa mufu, alikaa na mimi mbele. Asubui nilikuwa na haraka, sikupita ku pompe ya mafuta ya gari. Nilinunua esanse ya mu machupa, kando ya barabara pa Bel-Air.

Bamama banaimbaga njia yote mpaka ku malalo, ku makaburi. Lakini pa mupando wa kwanza, njia inapanda kilima, balinyamaza bapumue kidogo. Njo tulisikia. Ko, ko, ko.

"Papa shofere, simama! Mutoto anagonga!" mama akapiga kelele toka nyuma.

Nikasimama. Kimya kabisa. Nikaondosha gari, mupando: ko, ko, ko. Kama kidole ku mbao.

"Yaya, kaka yangu, unasikia? Iko muzima! Mufungue!"

Mujomba akaniangalia. "Papa, gari yako njo inatucheka, ao?"

Siku ile niliogopa, sitadanganya. Lakini niliondosha muguu ku akseleratere, ikanyamaza. Nikakanyaga, ikagonga. Nikajua. Ile esanse balichanganya na petrole ya taa. Ku pompe banaandikaga oktane, 93 ao 95: ile namba inaonyesha esanse inaweza kuvumilia kukandamizwa namna gani mu motere. Ikiwa ya chini, na gari inapanda na muzigo, inajiwakia yenyewe, moto ya buji, kile kintu kinatoaga cheche, bado haiyaifikia. Inapiga ndani kama nyundo.

Ningenyamaza, nani angejua? Nikashuka.

"Mama, ni motere yangu. Esanse mubaya, mimi njo nilinunua."

"Bongo, unadanganya! Unataka kuzika mutoto wangu muzima!"

Nikatosha turnavisi, bisibisi yangu, nikafungua sanduku palepale, jua kichwani. Mama akagusa uso ya mutoto. Akaacha mukono pale wakati murefu. Kisha akasema polepole: "Funga, papa."

Tulienda mu vitesi ya mbili, gia ya chini, muguu mwepesi, bila kugonga. Ku malalo nikazima gari, nikatosha ufunguo. Nimeushika mu mukono, motere ikajizungusha yenyewe: ko, ko, ko. Kisha ikalala. Ni ile esanse, ninajua. Lakini bantu bote baliangalia sanduku, na mimi pia.

Mama hakugeuka.

Leo niko na kamioneti mbili. Nyumba moja, mabati mupya. Shamba kidogo upande wa Kasapa. Bidon ya esanse ya pompe, 95, kila siku nyuma ya kiti. Na ile turnavisi, toka siku ile haiyafungua kintu tena.